Jina la Digna Kwenye Kikapu cha Marehemu

Nina mwandiko mzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu bila mwandiko wangu habari hii isingekuwapo, na kwa sababu ni kweli. Nilifika darasa la nne katika shule ya misheni, nikaondoka kwa hiari yangu siku moja kabla ya kufukuzwa, na hadi leo hakuna karani wa Ifakara anayeiweza herufi yangu ya D kubwa. Ina tumbo, ina mkia, na mkia una kikonyo. Ishikeni hiyo D, tutakutana nayo tena.

Lakini hapa sijiandiki mimi Fridolin, ingawa nastahili. Namwandika shemeji yangu Marselino, mume wa dada yangu Apolonia, mpiga kasia wa kivuko kidogo kilichokuwa mbele ya Katindiuka kwa mwendo wa saa moja hivi. Alikuwa mfupi, mabega mapana, maneno haba. Ukimsalimu ukiwa kando ya mto, jibu ulilipata mkifika katikati ya maji. Mtumbwi wake aliuchonga mwenyewe kwa gogo moja la mvule, akauchonga miezi mitano, na siku ya kuushusha majini mimi ndiye niliyeimba. Yeye alisema tu, "Haya."

Sisi wa bonde hatukai mahali pamoja mwaka mzima. Mvua zikikaribia, watu huhamia ng'ambo kwenye mashamba ya mpunga na majembe, vyungu, kuku na mbegu, wakakaa kwenye vibanda hadi mavuno. Kwa hiyo Novemba na Desemba ndiyo miezi ya mpiga kasia. Asipovusha watu miezi hiyo, nyumba yake haina mwaka.

Sasa sikilizeni kilichotokea Julai ya mwaka 1954.

Marselino alikuwa amemvusha mvuvi mmoja, Wendelin, akitoka kutega samaki ng'ambo. Walifika salama. Wendelin akashuka, akaweka samaki wake juu ya majani, kisha akarudi hatua mbili ndani ya maji. Mamba akamchukua. Marselino aliruka, akampiga yule mamba kwa kasia mpaka kasia likavunjika mikononi, naye amesimama majini hadi mapajani, akipiga na kipande kilichobaki. Tulichopata ni kofia ya ukindu.

Jioni ile watu walikaa kwenye pombe wakiulizana: mbona mamba hakumgusa mpiga kasia? Ni swali la watu wenye hofu. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikafungua mdomo nikasema, "Mamba wa shemeji ana adabu. Hamgusi mwenye nyumba!"

Watu wakacheka. Ponsiano alicheka hadi akamwaga kibuyu kizima, na niwaambie kweli, nilijiona mtu mkubwa. Lakini neno lile lilitoka pale klabuni kama mzaha, na kesho yake kisimani halikuwa mzaha tena. Lilipomfikia Digna, mjane wa Wendelin, lilikuwa limeshakomaa: Marselino anafuga mamba, na ndiye aliyemtuma.

Bondeni kwetu mtu akisemwa hivyo, hata kuku wake haliwi. Digna alianza kuja mtoni kila asubuhi, kitambaa cheusi kichwani, macho mekundu, akisimama pale watu wanapopandia.

"Pandeni!" alikuwa akiwaambia. "Pandeni, mnaotaka kuwa kitoweo! Mwenye mamba huyo hapo, amekaa, anawachagua!"

Watu waliinamisha vichwa, wakageuka, wakatembea hadi kwenye pantoni kubwa ya serikali, mwendo wa kumaliza asubuhi nzima. Marselino hakujibu hata siku moja. Mtumbwi usiofanya kazi hukauka na kupasuka, kwa hiyo kila siku aliujaza maji na kuufunika kwa majani. Nilimkuta akiumwagia maji polepole, kibuyu kimoja kimoja, kama anaogesha mgonjwa. Nikataka kutoa mzaha. Mzaha haukuja.

Mwishoni mwa Oktoba jumbe wetu akamwita. Akampa njia mbili. Aende upande wa Mahenge kwa mganga, anyolewe nywele zote na kupewa dawa, kwa maana aliyenyolewa huhesabiwa kuwa uchawi umemtoka. Au akiache kivuko, apewe mtu mwingine. Jibu alete Jumapili ya pili ya Novemba, kabla watu hawajaanza kuhamia mashambani.

"Nikinyolewa," Marselino alimjibu jumbe, "nimekubali kwamba nilikuwa nao."

"Na usiponyolewa nani atapanda?" jumbe akauliza.

Kutoka pale alikuja kwangu. Nilikuwa nje ya nyumba natengeneza mpini wa jembe.

"Shemeji, una karatasi?"

"Shemeji! Kuniuliza mimi kama nina karatasi ni kumwuliza padri kama ana msalaba."

"Niandikie jina."

"La nani?"

"Digna."

Nikatupa mpini chini. "Sasa umeamka! Tunamshtaki. Nitamwandikia Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu wa boma, na Kiingereza kidogo nitatia, ashtuke."

"Namwombea."

"Unamwombea afe?"

Alinitazama hadi nikaokota mpini wangu tena. "Namwombea apate usingizi," akasema. "Yule mama halali. Nami naomba kila siku, lakini naona peke yangu siwezi. Nataka na padri anisaidie."

"Mtu anakutukana kila asubuhi!"

"Ndiyo. Kwa hiyo namwona kila asubuhi."

Mjibuni ninyi, kama mnaweza. Mimi niliandika. Niliandika *Tumwombee Digna, mjane*, na ile D niliipa kila nilichojaliwa.

"Chini yake acha nafasi ya jina moja," akasema.

"La nani tena?"

"Acha nafasi tu."

Nikaacha nafasi. Akaniomba niipeleke kanisani, kwa kuwa yeye akionekana na karatasi watu wangesema ni hirizi.

Kigango chetu kilikuwa na mwalimu wa dini, Mwalimu Kelestini, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Padri alikuja mara chache kutoka Ifakara, kwa hiyo sala za Jumapili aliziongoza Kelestini. Kila mwisho wa Oktoba aliweka vikapu viwili mbele ya altare. Kimoja kilifunikwa kitambaa cheusi: humo watu waliweka majina ya marehemu wao, naye Jumapili ya kwanza ya Novemba aliyasoma moja moja kwa sauti, watu wote wakiitikia. Cha pili hakikuwa na kitambaa. Humo ziliwekwa nia za walio hai, nazo hazikusomwa. Zilifungwa na kupelekwa kwa padri, azikumbuke mwenyewe kwenye Misa yake.

Mnajua tayari nilichofanya. Basi niacheni nikiseme mwenyewe.

Sikukosea kikapu. Nilivijua vyote viwili. Nilisimama mbele yake na ile karatasi, nikaitazama D yangu, nikaona uchungu kwamba itafungwa kwenye furushi iende kusomwa kimyakimya na mtu mmoja. Kwenye kikapu cheusi ingesomwa mbele ya watu wote, na Kelestini angelazimika kusema, "Mwandiko mzuri ulioje!" Nikajiambia, mimi sikuandika "marehemu", niliandika "mjane", na Mungu si mtu wa kuchanganya vikapu. Nikainua kitambaa, nikaitumbukiza.

Jumapili ikafika. Wanaume upande wetu, wanawake upande wao, Digna kwenye benchi la tatu na kitambaa chake cheusi. Marselino alikaa nyuma kabisa, peke yake kwenye benchi la watu sita. Kelestini akaanza kusoma, jina baada ya jina, na kila jina lilipotajwa alisema, "Umpe raha ya milele, ee Bwana," nasi tukaitikia. Majina yalikuwa mengi, jua lilikuwa kali, midomo ikawa inaitikia yenyewe.

"Wendelin. Umpe raha ya milele, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele umwangazie."

"Digna, mjane. Umpe raha ya milele, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele umwangazie," kanisa zima likaitikia.

Na Digna naye aliitikia. Nilimsikia. Aliitikia kwa sauti kuliko wengine, kwa sababu ndiyo kwanza jina la mumewe lilikuwa limepita na machozi yalikuwa yamemjaa. Halafu akasimama, akajishika kifua kama mtu anayetafuta kama bado yumo.

"Mimi?" akasema.

Ninyi hamjapata kusikia kelele kama zile. Wanawake walimshika, benchi likaanguka, mtu akapiga yowe la msiba kabisa. Kelestini aliinua karatasi karibu na miwani. "Nani ameleta hii?"

Marselino akasimama kule nyuma. "Ni yangu."

"Anamzika mzima!" Ponsiano akapiga kelele. "Mamba hawamtoshi, sasa anatumia na kanisa!"

"Nani alikuandikia, Marselino?" Kelestini akauliza polepole. Aliitazama ile D, kisha akanitazama mimi. Alikuwa amenifundisha kuandika yeye mwenyewe, kwa fimbo. Nami nikatazama dari. Dari ya kanisa letu ilikuwa ya nyasi, na siku ile niliona kila unyasi.

"Niliomba kuandikiwa," Marselino akajibu. "Aliyeomba ni mimi. Nisamehe, mama Digna. Sikukuombea kifo."

Jumbe akasema mbele ya watu: jibu ni Jumapili ijayo, na asiponyolewa, mtumbwi utolewe majini.

Mimi hujisifu kwamba nilikwenda vitani Bama na Keya, jeshi la Waingereza, nikarudi na viungo vyote. Ni kweli, ingawa huwa sitaji kwamba nilikuwa jikoni. Lakini juma lile sikuweza kukaa kwenye kiti. Nilikwenda shambani, nikapalilia mstari uleule mara mbili. Nilikwenda Kisawasawa kununua chumvi, nikarudi na kiberiti, na chumvi sikuikumbuka hadi nilipofika mlangoni. Nikila nasimama. Nikisimama natembea. Nikisikia watu wanaongea nadhani wanaongea juu ya D.

Jumatano akaja dada yangu Apolonia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Hakukaa. "Ile D nimeiona tangu mtoto," akasema. "Uliichora kwenye kila ukuta wa nyumba ya mama, na mimi ndiye niliyepigwa."

"Apolonia, mambo haya ni mazito, wewe huwezi—"

"Mume wangu hajakutaja. Nimemwuliza, amenyamaza. Nimelia, amenyamaza. Sasa nakuuliza wewe mwenye maneno mengi: Jumapili ataupasua ule mtumbwi kuni, na wewe utakuwa unatazama dari?"

Aliondoka bila kuaga. Nikazunguka nyumba mara tatu, halafu miguu ikanipeleka mtoni.

Marselino alikuwa anamwagia maji mtumbwi wake. Nikachukua kibuyu cha pili, nikamsaidia. Tulimwaga maji muda mrefu.

"Shemeji," nikasema, "karatasi niliiweka kwenye kikapu cheusi kwa makusudi. Nilitaka isomwe."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Wewe hujapata kufanya kitu kisichotazamwa."

Nikajaza kibuyu tena, nikamwaga. "Basi mbona hukunitaja?"

"Wangekugeukia wewe. Una watoto."

"Na wewe je, huna mtumbwi?" Nilikuwa nimeanza kupandisha sauti, sijui nilimkasirikia nani. "Ile nafasi niliyoacha ilikuwa ya jina gani?"

Aliendelea kumwaga maji. "La mtu aliyesema kwenye pombe kwamba mamba wangu ana adabu," akasema. "Nilimwombea tangu Julai. Siku ile kwako nilitaka nawe uandikwe, lakini niliona vigumu kukwambia uandike jina lako mwenyewe."

Kibuyu kilinitoka mkononi, kikaelea ndani ya mtumbwi. Miezi minne alikuwa anajua. Miezi minne nilikuwa nakula ugali kwake, namtania, nampiga begani.

"Nilikuwa nacheka tu," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana sala yako ilikuwa ngumu zaidi kwangu kuliko ya Digna. Yeye analia." Akakiokota kibuyu, akanirudishia. "Kuna siku nilikuombea nikiwa nimekunja ngumi. Lakini niliomba."

Sikuweza kusimama mahali pamoja. Nikatembea hadi kwenye majani, nikarudi. "Lakini kwa nini hukujitetea? Wewe ndiye uliyemwona Wendelin. Kwa nini alirudi majini? Watu wanasema ulimwita. Sema ukweli, waaibike!"

Hapo akakaa ukingoni mwa mtumbwi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema maneno mengi kwa mpigo. Alisema Wendelin alipokwisha kushuka, alitazama miguu yake, akacheka. Akasema, "Nisubiri kidogo, nioshe tope hili. Digna hapendi niingie nalo ndani, jana amenigombeza." Akarudi hatua mbili.

"Ungesema hivyo Julai," nikanong'ona, "nani angekusema tena?"

"Na Digna angesikia," akajibu.

Ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya kile kinywa kilichofungwa. Alikubali kuitwa mfuga mamba, ili yule mama asilale kila siku na lile tope. Leo naandika kwa sababu Digna ametangulia, Marselino ametangulia, na mimi mwenyewe napiga hodi. Miaka yote katikati hapo sikumwambia mtu. Najisifia mambo mengi, mengine hayakutokea. Hili lilitokea.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje, maana watu walitaka kuona kama Marselino atakuja na nywele. Alikuja nazo. Kabla jumbe hajasimama, nikasimama mimi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu yenye Bama ndani. Ikapotea yote.

"Ile karatasi niliiandika mimi," nikasema. "Aliomba niandike kwamba tumwombee Digna, kwa sababu halali. Alitaka iende kwa walio hai. Mimi niliiweka kwa wafu ili msikie mwandiko wangu."

"Tuliujua mkia wa ile D!" mwanamke mmoja akasema, na watu wakaanza kucheka. Nikatamani niwaache wacheke, tuishie hapo.

"Ngojeni," nikasema. "Na lile neno la mamba, la kwanza kabisa, nililisema mimi kwenye pombe. Siku ileile aliyokufa Wendelin. Nililisema ili mcheke. Ponsiano, ulimwaga kibuyu, unakumbuka?"

Ponsiano akatazama dari. Nilimwelewa.

Hakucheka mtu tena. Digna alitoka kwenye benchi lake, akaja hadi mbele yangu. Nilifunga macho nikingoja kofi. Halikuja, na ningependa lije.

"Siku ileile?" akaniuliza. "Kofia yake ilikuwa bado mbichi, Fridolin."

"Ndiyo, mama."

Aliniacha pale, akaenda nyuma kwa Marselino. "Sijapata kukuuliza," akamwambia. "Nimekuja pale kila asubuhi, na sijakuuliza. Alisema nini mwisho?"

Marselino alisimama. "Alisema nimsubiri kidogo."

"Basi?"

"Alikuwa anacheka. Basi."

Ulimi wangu! Ulipanda, ukagonga meno, ukatafuta tundu. Maneno yote ya Wendelin yalikuwa yamesimama nyuma ya midomo yangu, mbele ya kanisa zima, masikio yote wazi. Nikauma shavu hadi nikaonja damu.

Jumbe alikohoa, akasema kunyoa kumeahirishwa, lakini kivuko kitabaki kwa Marselino kama yupo mtu wa kupanda. Mtumbwi bila abiria ni gogo tu, akasema.

Jumatatu nilikuwa mtoni alfajiri, natembea huku na huku. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, udongo wote pale ukingoni umekuwa tope. Watu walikuja na mizigo, wakasimama. Watu ishirini, kuku, vyungu, na hakuna aliyesogea. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Marselino aliushika mtumbwi kwa mkono mmoja, akasubiri. Wawili watatu walishaanza kujitwika mizigo kuelekea pantoni.

Digna akatokea njiani na jembe, kapu la mbegu na jogoo kwapani. Watu wakampisha.

"Mtumbwi huu unavuja?" akauliza.

"Hauvuji, mama," Marselino akasema. "Umenyweshwa maji kila siku."

"Sijamaliza nawe. Hasira bado ninayo."

"Sawa, mama."

"Na wewe Fridolin, usiseme neno."

Nikaonyesha mdomo wangu kwa kidole, kwamba umefungwa.

Akaweka kapu lake ndani, kisha akatazama miguu yake. Tope lilikuwa limefika vifundoni. Akageuka, akainama kuelekea majini ili ajioshe kabla ya kupanda.

Marselino aliuacha mtumbwi, akapiga hatua moja, akasimama kati ya Digna na maji.

"Panda hivyohivyo, mama," akasema. "Panda na tope lako. Nitaosha mimi."

Digna alimtazama, akayatazama maji. Sijui alielewa nini, sikupata kumwuliza. Akapanda na tope lake, akakaa, akampakata jogoo, na alama za nyayo zake zikabaki kwenye mvule ule uliokuwa umeoshwa miezi minne. Nikatumbukia ndani nyuma yake na viatu vyangu vya Keya, vichafu kuliko vya mtu yeyote, kabla mtu hajanitangulia.